Bara liligawanyika au liligawanywa?

Swali: Mwanangu wa kidato cha tatu aliandika katika insha ya Historia kwamba "bara la Afrika liligawanyika katika Mkutano wa Berlin". Mwalimu alilipigia mstari neno "liligawanyika" bila maelezo. Naomba ufafanuzi.

Jibu: Mwalimu yuko sahihi. Kiambishi -ik- cha kutendeka humwondoa mtendaji katika sentensi: tunasema chama kimegawanyika au maoni yamegawanyika, na msikilizaji huelewa kuwa ufa umetokea ndani kwa ndani. "Liligawanywa" ni afadhali, kwani linaruhusu kuuliza "na nani?" Hata hivyo, mimi ningechagua "gawana", kwa sababu -an- inawaweka wahusika mahali pa kiima, wakiwa wagawaji na wapokeaji kwa wakati mmoja, kama tunaposema wezi wamegawana mali. Mfano huo si wa kejeli tupu: mkutano ule ulihudhuriwa na mataifa 14, na hakuna Mwafrika hata mmoja aliyealikwa kuwakilisha nchi yake.

Mwalimu angeweza kuupigia mstari pia "katika Mkutano wa Berlin". Wajumbe waliokutana kuanzia Novemba 15, 1884 hadi Februari 26, 1885 walijadili biashara katika bonde la Kongo, usafiri wa meli katika mito Kongo na Niger, na masharti ya kudai maeneo mapya ya pwani. Mipaka mingi ilichorwa baadaye, katika mapatano ya mataifa mawili mawili. Mpaka wa Kenya na Tanzania ya leo unatokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, ambayo yalivuta mstari kutoka mto Umba kuelekea Ziwa Viktoria na kuupindisha ili Kilimanjaro ubaki upande wa Wajerumani. Sultani Barghash wa Zanzibar hakugawana chochote. Alibakishiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, na kitenzi "bakishiwa" kinaieleza hali yake barabara. Mwaka 1890 mataifa hayo mawili yalipatana tena: Ujerumani iliiachia Uingereza Witu na kukubali ulinzi wake juu ya Zanzibar, na miongoni mwa ilivyopata ni kisiwa cha Heligoland, huko Bahari ya Kaskazini.

Kwa hiyo mwanao aandike: "Baada ya Mkutano wa Berlin, mataifa ya Ulaya yaliharakisha kugawana bara la Afrika."

Katika nomino, "mgawanyo wa Afrika" ndilo jina la tendo lenyewe na mpangilio uliotokana nalo. "Mgawanyiko" ni hali inayofuata, kwa mfano Wamaasai kujikuta pande mbili za mpaka. "Mgawo" aliache: hilo ni fungu analopewa mtu, na kwa Watanzania wengi humaanisha kukatiwa umeme kwa zamu.