Anza falsafa na Euthyphro, siyo na orodha ya majina

Wanaoanza kusoma falsafa mara nyingi hushika orodha ya wanafalsafa wa kale wa Ugiriki. Thales kasema chanzo cha vitu vyote ni maji, Anaximenes kasema hewa, Heraclitus kataja moto. Wiki mbili zikipita una majina kumi kichwani na huna hoja hata moja. Ukiulizwa kwa nini maji, unanyamaza. Jibu lisilo na sababu zake si falsafa, ni tetesi za watu waliokufa zamani.

Dawa yake ni kushika andiko moja fupi na kulichambua mpaka liishe. Chagua Euthyphro, mazungumzo yaliyoandikwa na Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Lina kurasa kama 15, saa moja inalitosha. Tafuta nakala yenye namba pembeni, kama 5d au 10a. Namba hizo zinatokana na chapa ya mchapishaji Stephanus ya mwaka 1578, na ndizo zinazotumiwa kila mahali kutaja maneno ya Plato. Nakala nyingi za bure kwenye intaneti hazina, nawe utapotea mara tu mwenzako atakapokutajia kifungu.

Kisa chenyewe: mwaka 399 KK, Socrates, mwalimu wa Plato, anakutana na Euthyphro kwenye baraza la hakimu wa kesi za dini huko Athens. Socrates ameshtakiwa, Euthyphro anamshtaki baba yake mzazi. Kibarua alimuua mtumwa wa nyumbani, baba akamfunga na kumtupa shimoni wakati akisubiri maelekezo, kibarua akafa. Euthyphro ana hakika kwamba kumshtaki baba ni jambo la ucha, yaani la kuicha na kuiheshimu miungu. Socrates anamwuliza: ucha ni nini?

Soma mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili gawa karatasi safu tatu: anachodai Euthyphro, sababu yake, na mahali Socrates anapombana. Dai la kwanza: ucha ni hiki ninachofanya sasa. Huo ni mfano, siyo maana. La pili: ni kinachopendwa na miungu. Lakini miungu ya Wagiriki hugombana, kwa hiyo tendo lilelile litapendwa na huyu na kuchukiwa na yule. Hapa Kiswahili kinaweza kukuponza: ukitafsiri kwa "uchamungu" umeshaweka Mungu mmoja ndani ya neno, na hoja ya ugomvi inakufa kabla haijazaliwa. Sema "kuicha miungu".

Dai la tatu: ni kinachopendwa na miungu yote. Ndipo 10a inapoingia: tendo linapendwa na miungu kwa kuwa ni la ucha, au ni la ucha kwa kuwa linapendwa na miungu? Usipite haraka. Ukichukua upande wa kwanza, kupendwa hakuelezi ucha ni nini. Ukichukua wa pili, miungu ingependa kinyume chake, kinyume ndicho kingekuwa ucha. Wanazuoni wa Kiislamu, Muutazila na Ashaira, walibishania swali la jamii hiyohiyo karne nyingi baadaye: jambo limekatazwa kwa kuwa ni baya, au ni baya kwa kuwa limekatazwa?

Sasa matawi ya falsafa yanajitokeza yenyewe. Je, ni haki kumshtaki baba? Hiyo ni falsafa ya maadili. Dai linajipinga wapi? Mantiki. Euthyphro anajua, au anadhani tu anajua? Nadharia ya maarifa. Kuna kitu kimoja kinachofanya matendo yote ya ucha yawe ya ucha? Metafizikia. Falsafa ya siasa haimo humu kwa kina. Ifuate kwenye Crito, andiko jingine la Plato, ambako Socrates anakataa kutoroka gerezani.

Kabla ya Crito soma Apology, utetezi wake mahakamani. Kwenye 36a anasema kura 30 tu zingehama angeachiwa. Kumbuka lakini kwamba Socrates hakuandika kitabu. Tunayemsikia ni Socrates wa Plato, na usiandike "Socrates aliamini" pasipo kuangalia nani kaandika.

Jamhuri ya Plato ingoje, isipokuwa kitabu chake cha 1, ambacho kinasomeka peke yake. Aristotle naye, mwanafunzi wa Plato (384–322 KK), huwakatisha tamaa wengi, kwa sababu maandishi yake yaliyobaki yanafanana zaidi na maelezo ya darasani kuliko vitabu vilivyonyooshwa kwa msomaji. Sentensi moja hubeba hoja tatu. Anza na Maadili ya Nicomachus, kitabu cha 1 na cha 2, sura moja kwa siku, na kila sura andika swali analojibu kabla hujaandika jibu lake. Kitabu chake kiitwacho Metafizikia usikiguse mwaka huu.