Siku Hizi Gunia Mnakata Kilo Ngapi?

Swali la wiki hii limetuuliza wasomaji: "Umejuaje kwamba imani yako imekua?" Zamani ningelijibu haraka, na ningelijibu vibaya. Ningesema kwamba nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara, nikaimba kwaya miaka kumi na miwili, kisha washarika wakanichagua kuwa mzee wa kanisa. Hayo yote ni kweli wala siyadharau, lakini hakuna hata moja kati yake lililonizuia kuiba.

Nimelelewa mkoani Kagera, katika nyumba ya watu wa uamsho, yaani vuguvugu la toba na wokovu lililoenea Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akihudumu katika hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikutana kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka iliyofuata, moto uliowaka Gahini ulienea Uganda na Kenya na kuvuka hadi kwetu Bukoba, ukawagusa Waanglikana na Walutheri bila kuuliza nani ni wa dhehebu gani. Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa uamsho huo. Wengi wanaukumbuka kwa nyimbo na machozi. Nyumbani kwetu ulikumbukwa kwa jembe, kwa maana babu yangu alipookoka alilibeba begani jembe alilokuwa amelichukua miaka mingi nyuma, akatembea kutwa nzima kumrudishia mwenyewe, ambaye alikuwa amekwisha kulisahau. Wazee wale waliita jambo hilo kutembea nuruni, na kwao halikuwa jambo la pembeni.

Nilikua nikiisikia habari ya jembe hilo, nikaisimulia hata mimi kwenye mafundisho ya vijana, wakati huohuo nikiwa karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi, yaani chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Mkulima huleta kahawa ya maganda ikiwa kwenye magunia, nasi hupima na kuondoa uzito wa gunia tupu. Gunia tupu la katani lina uzito wa takriban kilo moja. Sisi tulikata mbili. Kilo moja kwa kila gunia ni kitu kidogo ambacho mkulima hakioni, lakini magunia mia yakipita mizanini hiyo ni kilo mia nzima, na ziada hiyo iliandikwa kwa jina la mtu asiyekuwa na hata mche mmoja wa mbuni, kisha fedha zikagawanywa. Nilifanya hivyo misimu mitatu. Fungu langu la kumi nililitoa kikamilifu, hata kutoka katika fedha hizo, na ninaona uchungu kuliandika hili.

Niliacha kazi ile kwa sababu nyingine kabisa, na miaka tisa ikapita. Siku moja tulikuwa tukisoma Injili ya Luka sura ya 19 katika jumuiya yetu, nikatambua jambo ambalo sikuwahi kulizingatia: Yesu alimwambia Zakayo kwamba imempasa kushinda nyumbani mwake kabla Zakayo hajaahidi kurudisha chochote. Neema ilitangulia, na urudishaji ukafuata kama mtu anavyofungua madirisha mgeni akishaingia. Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu wapo wanaodhani kwamba tunarudisha ili tusamehewe, na mimi mwenyewe nilikuwa nikiahirisha kwa kudhani kwamba ni lazima kwanza nipate fedha za kutosha ndipo nimkabili Mungu.

Nilianza na mama mmoja mjane ambaye, kwa hesabu yangu, nilimpunja kilo kumi na nane. Nilimpelekea thamani ya kilo arobaini. Nilimkuta uani akigeuza kahawa kwenye jamvi kwa mikono, akitoa vijiti na majani, na baada ya shikamoo nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu sikuthubutu kukaa. Aliendelea kugeuza kahawa. Kisha akaniuliza, "Na siku hizi gunia mnakata kilo ngapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Nilijua kwamba zilikuwa bado zinakatwa mbili. Nilikuwa nimekuja kuutua mzigo wangu, naye alikuwa akiwaza magunia atakayoyapeleka mwezi unaofuata. Fedha alizipokea na kunishukuru, akaniombea hata, lakini swali lake lilinifuata njia nzima. Katika mkutano mkuu wa wanachama uliofuata nilisimama nikasema nilivyofanya mimi, bila kumtaja mwingine, nikaomba gunia tupu lipimwe mbele ya watu wote. Lilipimwa. Waliokuwa marafiki zangu hawakunisalimu kwa muda mrefu, na mmoja wao hanisalimu hadi leo.

Ni lazima niseme pia kwamba toba ya hadharani inaweza kuharibika. Nimewahi kuona ushuhuda ukigeuka mashindano ya nani alikuwa mwovu zaidi, na nimewaona ndugu wakimshinikiza mtu ataje mambo ambayo angepaswa kumwambia Mungu na yule aliyekosewa tu. Kwa hiyo simpimi mtu kwa kilio chake wala kwa urefu wa ungamo lake. Nitamuuliza tu kama mizani imerekebishwa.

Basi, nimejuaje kwamba imani yangu imekua? Sehemu kubwa siijui, na sidhani kwamba napaswa kuijua, kwa maana katika Injili ya Marko mbegu humea na kukua mpanzi akiwa amelala, asijue imekuaje. Kidogo ninachokiona ni hiki: dhambi ya mizani niliishi nayo miaka tisa kabla ya kwenda kwa mtu; neno baya nililomwambia mke wangu mwaka jana nililibeba siku mbili, na siku hizi mara nyingine namrudia jioni ileile, chakula kikiwa bado mezani.

Mara nyingine tu, lakini. Mimi na mdogo wangu tumegombania mpaka wa kibanja, yaani shamba la nyumbani, cha baba, na tangu mavuno yaliyopita hatujakaa pamoja. Jumapili ijayo usharikani kwetu kuna Chakula cha Bwana, na kutoka hapa hadi kwake ni mwendo wa nusu saa kwa miguu.