Jibu kwa dada wa Jinja kuhusu sindano ya leptini

Pole dada. Umeuliza kama sindano ya metreleptini itamrudishia binti yako mafuta ya mwili aliyozaliwa bila, na majirani washaanza kusema ni ukimwi. Mafuta hayarudi, nisikudanganye. Leptini ni homoni inayotoka kwenye hayo mafuta, ndo inauambia ubongo umeshiba, sasa yeye hana mafuta kwa hiyo hana leptini, ndo maana anamaliza sahani ya posho (ugali) na bado analia njaa, na mafuta ya chakula yakikosa pa kukaa yanaenda kwenye ini na damu, sukari inapanda. Sindano inajaza hiyo homoni tu, njaa inapungua, sukari na trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) zinashuka.

Marekani waliipitisha 2014. Ni unga unachanganywa na maji ya sindano, unaviringisha kichupa taratibu usikitikise, anadungwa chini ya ngozi kila siku saa ileile, na dawa inakaa friji, sasa na umeme wetu huu jipange mapema. Ni ghali mno, mwulize daktari wa homoni pale hospitali ya Mulago, Kampala, njia ya kuipata, na akueleze hatari ya limfoma (saratani ya tezi za limfu) na mwili kutengeneza kinga dhidi ya dawa.

Majirani waache, wanakumbuka watu waliokonda mashavu kwa zile ARV za zamani, stavudini, hiyo ni kitu ingine na hata hii dawa haikutengenezewa hao. Saa hii punguza rolex (chapati ya mayai) na mandazi, na akiumwa tumbo vibaya akitapika kimbia hospitali usiku huohuo, yaweza kuwa kongosho limevimba.