Maswali ya Wasomaji: Kigawo cha 4294967297 Kilipatikanaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba namba 4294967297 ilidhaniwa kuwa namba tasa mpaka mwanahisabati Leonhard Euler alipoonyesha, mwaka 1732, kuwa inagawanyika kwa 641. Mimi nimeigawanya kwa 3, 7, 11 na 13, na kila mara nimepata baki. Je, Euler alizipitia namba tasa zote hadi kuifikia 641, au ipo njia ya mkato?

JIBU: Ndugu msomaji, njia ya mkato ipo, nayo inapunguza kazi kuliko unavyoweza kudhani, kwani 641 ni namba tasa ya 116 ukihesabu kuanzia 2.

Namba yako ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyependa hisabati, aliamini kwamba ukichukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kisha ukaongeza 1, utapata namba tasa daima. Tano za mwanzo, yaani 3, 5, 17, 257 na 65537, ni tasa kweli. Ya sita ndiyo hiyo yako.

Euler alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hiyo lazima kibakize 1 kinapogawanywa kwa 64. Sharti hilo linazitupa nje karibu namba tasa zote hadi 641: zinazosalia ni 193, 257, 449, 577 na 641. Nne za kwanza zinaacha baki za 109, 2, 325 na 288. Ya tano haiachi kitu, na jibu la kugawanya ni 6700417. Ajabu ni kwamba sharti lenyewe linatokana na kanuni iliyogunduliwa na Fermat huyohuyo.

Ukishaijua 641, unaweza hata kuhakikisha jambo hili bila kugawanya namba kubwa kiasi hicho. Kwa kuwa 640 ni 5 mara 2 kwa kipeo cha 7, na ni pungufu ya 641 kwa 1 tu, kipeo cha nne cha 640 kinabakiza 1 kikigawanywa kwa 641; kwa hiyo 641 inagawanya bila baki 625 mara 2 kwa kipeo cha 28, ukitoa 1. Lakini 641 ni pia 625 jumlisha 16, na ukiizidisha kwa 2 kwa kipeo cha 28 unapata 625 mara 2 kwa kipeo cha 28, jumlisha 2 kwa kipeo cha 32. Toa namba ile ya kwanza katika hii ya pili: kinachobaki ni 2 kwa kipeo cha 32 jumlisha 1, na tofauti ya namba mbili zinazogawanyika kwa 641 haina budi kugawanyika kwa 641.