Ukiitwa "grass" kazini Uingereza

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kituo cha kulelea wazee, kaskazini mwa Uingereza, nilifungua friji nikakuta maziwa yangu hayamo. Nikauliza mbele ya watu: "Who stole my milk?" Jikoni kimya. Mwenzangu mmoja aliweka kikombe chini akatoka, na kwa siku mbili hakunisalimia.

Wadogo zangu mnaokuja huku, lile "steal" tulilofundishwa shuleni husikika zito, kama neno la polisi na mahakama. Kwa maziwa, wenyewe husema "nick" au "pinch". Hata kwetu mtoto anayedokoa nyama chunguni ni mdokozi, hatumwiti mwizi. Ila "nick" liangalieni: "he got nicked" maana yake amekamatwa, na "the nick" ni kituo cha polisi.

Linaloniuma hasa ni maneno wanayoitwa wanaowachomea wenzao utambi, yaani wanaowasema kwa wakubwa. Hayo yote ni makali: "grass", "snitch", "rat". Australia wana "dob in", watoto wa Scotland wana "clype". "Grass" hapo si nyasi. Wengi hulihusisha na "grasshopper", linalofanana sauti na "copper", yaani polisi. Belfast, Ireland ya Kaskazini, husema "tout", na huko msilitamke hata kwa utani. Wakati wa machafuko yao, watu waliopachikwa jina hilo waliuawa.

Yaani anayeiba kapewa neno jepesi, anayesema kapewa neno la aibu. Siku moja mwenzetu alichukua pauni 20 kwenye mkoba wa bibi mmoja aliyekuwa amesahau hata jina la mwanawe. Mkoba wa buluu, zipu mbovu, bibi akiukumbatia mpaka usingizini. Nikaambiwa: "She only nicked a twenty. Don't be a grass."

Usiku ule sikulala. Asubuhi niliandika ripoti, na humo sikuweka "nick" wala "pinch". Niliandika "stole". Hapo ndipo mahali pake.

Yakiwakuta, mwambieni msimamizi: "I want to raise a concern," yaani nina jambo linalonitia wasiwasi, nataka kuliripoti. Ndiyo kauli ya ofisini. Andikeni tarehe, saa na mlichokiona kwa macho yenu, mbaki na nakala. Ipo sheria ya mwaka 1998 inayomlinda mfanyakazi anayefichua maovu kazini kwa faida ya umma. Mtaitwa "grass", mimi niliitwa wiki tatu nzima. Bibi alirudishiwa pauni zake, na ile zipu nilimshonea mwenyewe.