Maswali ya Wasomaji: "Tunaangalia tu"

SWALI: Najitolea katika jumba la makumbusho hapa Lubumbashi. Mimi si gide wa kutembeza makundi. Nasimama chumbani niongee na wanaopita. Nikisema tu "Karibu, nikuelezee?" wananijibu "Hapana, tunaangalia tu," kisha wanahamia chumba kingine. Nakosea wapi?
– Msomaji wa Katuba

JIBU: Neno "nikuelezee" ndilo linalowafukuza. Katika mji wetu, mtu asiyeitwa akija na maelezo, mgeni anaanza kuhesabu falanga zilizomo mfukoni. Vaa kitambulisho kifuani, na katika sentensi ya kwanza au ya pili sema wazi kwamba hakuna malipo.

Ila kabla ya sentensi hiyo, mwache. Akiingia, msalimu kwa mbali, "Jambo Mama," "Jambo Papa," kisha endelea na shughuli zako kwa dakika moja au mbili. Tazama miguu yake. Anayepita polepole bila kusimama bado anatafuta. Aliyesimama, akarudi hatua moja, akainama kwenye kioo, huyo ameshajichagulia mada. Msogelee kwa ubavu, hatua moja na nusu hivi, nyote mkitazama kabati. Usisimame kati yake na mlango. Hata mpole atajiona amezuiwa.

Anza na kile anachokitazama, hata kama wewe unakipenda kingine. Tuseme ni misalaba ya shaba, vile vipande vya shaba vya umbo la msalaba vilivyomiminwa zamani hapa Katanga. Usimwulize "Unajua hii ni nini?" Huo ni mtihani, na mtu mzima hapendi kushindwa mbele ya watoto wake. Ukiwa na nakala au kipande cha malakiti kilichoruhusiwa kushikwa, mpe mkononi: "Papa, hili jiwe la kijani ndilo lililotoa shaba ile." Akishalishika atauliza mwenyewe lilivyoyeyushwa. Hapo mwambie habari za tanuru la udongo wa kichuguu, makaa na mivukuto, na kwamba shaba huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,085 za Selsiasi hivi.

Sema kwa nusu dakika, kisha nyamaza. Wengi hushindwa hapa: ukimya wa sekunde tano unawatisha, wanaujaza na tarehe. Vumilia. Akiuliza, ongeza jambo moja, kwa mfano kwamba huko Sanga, karibu na Ziwa Kisale, uchimbuaji wa 1957 na 1958 ulikuta misalaba ndani ya makaburi, na kwamba ile midogo ya karne za baadaye ilitumika kama pesa. Akigeuza mabega au kutazama simu, mwambie "Nipo pale dirishani," uondoke wewe kwanza. Aliyeachwa huru mara nyingi hukufuata chumba cha pili.

Mzee aliyestaafu Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, akifika, geuza kazi. Muulize yeye shaba ilivyomiminwa kiwandani. Atakufundisha, na waliomo chumbani watasogea wenyewe. Wakizidi wanane, ondokeni mbele ya kabati, maana wa nyuma hawaoni tena.

SWALI: Misalaba hiyo inaleta siasa! Mtu anataja Katanga ya 1960, ilipojitenga na Kongo, mwingine anakasirika. Nikatishe mazungumzo?
– Msomaji wa Kamalondo

JIBU: Ukikatisha, wataona unaficha kitu. Taja kilicho wazi: bendera ya Katanga ya 1960 ilikuwa na misalaba mitatu, na sarafu zake za 1961 zilikuwa na msalaba huohuo. Kisha rudi kwenye chombo: msalaba wenyewe una umri wa karne nyingi kuliko bendera yoyote. Nani alikuwa na haki, usitoe hukumu ukiwa na kitambulisho kifuani. Sauti zikipanda, mtenge mmoja kwa kumwonyesha kitu chumba cha pili. Usijaribu kuwapatanisha wote mlipo.

SWALI: Na wanafunzi arobaini wakiingia pamoja?
– Msomaji wa Kampemba

JIBU: Hayo si maongezi tena, ni ziara, mwite gide. Kama hayupo, mwombe mwalimu awagawe makundi manne, kila kundi chumba chake, wabadilishane baada ya dakika kumi. Wewe baki chumba kimoja, chuchumaa usawa wa macho yao, na nakala ya msalaba ipite mkono kwa mkono kuanzia kwa aliyesimama nyuma kabisa. Ukianzia mbele, wa nyuma wataanza kusukumana kabla haijawafikia, na kioo kiko karibu.