Jicho la mzee limezima ghafla, usingoje Jumatatu

Pole sana mkuu, ila usingoje Jumatatu, mpeleke leo hii hii. Umesema mzee alikuwa anakunywa chai asubuhi jicho moja likazima kama taa na wala haliumi, sasa hiyo ya kutouma ndo inawaponza wengi, wanakaa nyumbani wanaweka matone. Mshipa unaopeleka damu kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, unaweza ukawa umeziba, ni stroku ya jicho kabisa, na retina ikikosa damu masaa machache tu inaanza kufa. Hapo Moshi nyoosha hospitali ya KCMC, emajensi.

Kuhusu picha za jicho ulizouliza zitaonyesha nini, wakipiga nyuma ya jicho retina huonekana imepauka na doa jekundu katikati, lakini masaa ya mwanzo inaweza kuonekana kawaida tu, hapo ndo skani ya OCT, ile inayopiga retina kwa mwanga, inasaidia maana inaonyesha tabaka zake za ndani zilivyovimba. Ila waombe wacheki na moyo, mishipa ya shingo, presha na sukari, ubongo nao uko hatarini. Kama kichwa kinamuuma pembeni au taya zinauma akitafuna, waambie mapema kabisa.